Lori Lililounguza Gasketi Tatu

SURA YA SITA

"Nileteeni maiti zote tatu," Inspekta alisema, na Fundi akaenda kuzitoa kabatini.

Zililazwa juu ya meza ya kazi kwa mpangilio wa vifo vyao. Ya kwanza ilikufa wiki tisa zilizopita, ya pili wiki tano, ya tatu Jumatatu ya juzi. Zilikuwa gasketi za silinda hedi, yale mabamba membamba yenye matundu makubwa sita yanayokaa kati ya injini na kifuniko chake ili moto usitoke na maji yasiingie. Zote zilitoka kwenye injini ya lori moja la zamani, na zote ziliungua mahali palepale, kati ya silinda ya tatu na ya nne. Lori lenyewe lilisimama mlangoni pa gereji, boneti juu, hedi imeshafunguliwa, pistoni zikitazama angani bila aibu.

Inspekta hakuwa tena inspekta. Aliacha polisi miaka minne iliyopita akafungua ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, lakini cheo kilimganda. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza. Kesi ya lori aliletewa na mama mmoja wa miaka sabini na sita ambaye alipanda ngazi zote za ofisi bila kupumzika, akakaa, akasema, "Nina watoto wawili, na mmoja ananidanganya. Nataka unitajie ni yupi ili nimchape."

Watoto wenyewe walikuwa watu wazima wenye mvi. Mkubwa alikuwa Dereva, mwanamke mrefu mwenye sauti ya honi. Mdogo alikuwa Fundi, mwanamume mpole asiyekaza hata parafujo bila kuisoma kwanza. Lori walilinunua pamoja miaka ishirini iliyopita, dada aliendeshe na mdogo wake alitunze. Gasketi ya tatu ilipoungua mlimani na shehena nzima ya vigae, Dereva alisema mdogo wake analiharibu kusudi ili liuzwe, maana ndiye aliyekuwa akimwambia kila mara apumzike. Fundi naye alisema dada yake analichemsha njiani na hasimami. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Sasa Dereva alikuwa amemwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje na winchi saa kumi alasiri, na alikuwa ameapa mbele ya mama yao kwamba lori likikatwa vipande, na yeye hatakanyaga tena gereji ile wala nyumba ya mdogo wake.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo asubuhi. Inspekta alivua saa yake ya mkononi akaiweka mfukoni, kwa sababu saa moja ilitosha kumtia presha.

"Tuanze na wewe," alimwambia Fundi. "Bolti ulizikazaje?"

Kabla hajajibu, Dereva alidakia. Alikuwa amekaa juu ya kreti la soda karibu na tairi, amewapa mgongo.

"Mwulize, Inspekta. Mwulize kama alizikaza kwa spana au kwa maombi."

"Mwambie dada," Fundi alisema akimtazama Inspekta, "nilizikaza kwa spana ya kipimo. Kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, kama kitabu kinavyosema."

"Mwambie spana yenyewe ina umri wa mama."

"Jamani, mimi nalipwa kwa upelelezi," Inspekta alisema. "Kazi ya ukalimani ina bei yake."

Hata hivyo hoja ya Dereva haikuwa mbaya. Spana ya kipimo ni ile inayolia ta! ukifikia nguvu uliyoipangia, na ikizeeka huweza kulia mapema, ukadhani umekaza kumbe umepapasa. Inspekta alimwomba Fundi aibane kwenye jiriwa, mkono wa spana ukiwa umelala sawasawa. Akaipanga kwenye kumi, yaani nguvu ya kilo kumi kwenye mkono wa mita moja. Akapima nusu mita kutoka kwenye jiriwa, akatundika ndoo hapo, kisha akaanza kumimina maji kwa chupa ya lita moja huku akihesabu kwa sauti. Kilo ishirini kwa nusu mita zinatoa kumi, hesabu ya darasa la sita. Mafundi wa gereji za jirani walikuja kuangalia. Mmoja alisema spana itadanganya, mwingine akasema haitadanganya, na mara wakawekeana dau la soda.

"Kumi na nane," Inspekta alihesabu. "Kumi na tisa."

Ta!

"Ongeza uzito wa ndoo yenyewe," alisema. "Spana hii ni mkweli kuliko mashahidi wengi niliowahi kuwahoji. Fundi amekaza vizuri."

Aliyeshinda dau alienda kudai soda yake. Dereva hakugeuka, ila kisogo chake kilionekana kununa.

"Sasa zamu yako, dada," Inspekta alimwambia. "Unalichemsha gari?"

"Silichemshi! Mshale ukigusa nusu nasimama, hata kama nyuma yangu kuna msafara wa harusi."

"Hapo tutaiuliza hedi. Yenyewe haina ndugu."

Hedi ikipata joto kupita kiasi hupinda, na ikipinda haifichi. Fundi alileta rula nene ya chuma, akailaza juu ya uso wa hedi kwa urefu, kwa upana, kisha mshazari kutoka pembe hadi pembe. Inspekta mwenyewe alijaribu kupenyeza kibati chembamba cha kupimia chini ya rula. Hakikupenya popote. Akajaribu tena upande wa silinda ya tatu na ya nne, palepale penye msiba. Hakikupenya.

"Imenyooka kabisa. Gari hili halijachemshwa. Dada ni msafi."

Kwa hiyo wote wawili walikuwa wasafi, na hakuna hata mmoja aliyefurahi. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba yeye hana kosa. Kilichowaudhi ni kwamba mwenzake naye hana.

"Basi kuna mkono wa mtu," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Huyo wa vyuma chakavu. Kila gasketi ikiungua, kesho yake anatokea hapa na mkanda wake wa kupimia. Kufa kufaana."

Inspekta alipenda wazo hilo kwa dakika nzima. Aliandika hata jina la utani la yule mnunuzi kwenye kijitabu.

"Anajuaje kwamba imeungua?"

Fundi alipandisha mabega. Kisha kreti la soda likalia.

"Nampigia mimi," Dereva alisema. "Nikikasirika nampigia. Nikitulia namfukuza."

Inspekta alifuta jina lile na kuvaa miwani ya kusomea.

"Sawa. Tuache watu, tuulize vitu. Fundi, kati ya gasketi zote duniani, kwa nini ulichagua hizi?"

Hapo uso wa Fundi ulichangamka. Alichukua daftari lenye jalada la mafuta mafuta, akafungua ukurasa uliojaa tarakimu ndogo zilizonyooka. Miezi mitatu iliyopita, alieleza, uso wa injini ulikuwa umeliwa na kutu, akaupeleka kusagwa. Ukisagwa unashuka, na pistoni zikifika juu zinachungulia nje kidogo. Kwa hiyo alipima kila pistoni kwa kipimo chenye uso kama wa saa, sita zote, mara mbili mbili, na ile iliyochungulia zaidi ndiyo iliyoamua. Kiwanda kinatoa gasketi za unene wa aina tatu kwa injini hii. Ili fundi asichanganyikiwe, pembeni kwenye kijisikio cha gasketi kuna matundu madogo: moja ni nyembamba, mawili ni ya wastani, matatu ni nene.

"Na injini hii inataka ipi?"

"Nene. Matundu matatu. Haya hapa, hesabu."

Inspekta alihesabu. Maiti ya kwanza ilikuwa na matundu matatu, na ya pili na ya tatu pia.

"Tofauti ya nene na ya wastani ni kiasi gani?"

"Karatasi moja ya daftari."

"Karatasi moja inaua lori?"

"Pistoni inapanda mara elfu mbili kwa dakika, mama. Ukiinyima nafasi ya karatasi moja, inaigonga hedi. Ikigonga wiki tatu, gasketi inachoka, moto unapata mlango."

"Na unene wa gasketi yenyewe uliupima?"

Fundi alimtazama kama aliyeulizwa iwapo alihesabu vidole kabla ya kuvaa viatu.

"Nipime ya nini? Matundu si yapo?"

Inspekta aliivuta karibu maiti ya kwanza. Zamani, akiwa polisi, alikaa miaka kumi kwenye dawati la vyeti vya kughushi, na pale alijifunza kutoamini alama yoyote mpaka aipapase. Alipitisha ukucha juu ya tundu la kwanza. Ulipita laini. La pili, laini. La tatu likamkwaruza. Akaigeuza gasketi upande wa pili na kupapasa tena, na sasa mawili ya kwanza ndiyo yaliyokwaruza, la tatu likawa laini. Akafanya hivyo kwa maiti ya pili. Akafanya kwa ya tatu. Moyo wake ulianza kuruka, maana hakuna raha duniani inayoshinda ile ya kitu kidogo kinachokataa kukaa na wenzake.

"Fundi, njoo uweke kidole hapa. Hawa wawili wamezaliwa tumbo moja, wametobolewa kutoka juu. Huyu wa tatu ni wa kufikia, ametobolewa kutoka chini. Na hajakaa hata kwenye mstari wao."

Fundi aliweka kidole. Akakiondoa, akakifuta kwenye suruali, akakiweka tena.

"Una gasketi mpya?" Inspekta aliuliza.

"Nilinunua moja jana. Ya kujaribu mara ya mwisho."

"Ilete, na maikromita."

Mpya nayo ilikuwa na matundu matatu, na la tatu lilikwaruza upande usio wake. Fundi aliibana kwenye maikromita mahali panne tofauti. Kila mara alisoma, na kila mara mabega yake yalishuka kidogo.

"Ni ya wastani," alisema. "Ni ya matundu mawili. Mara tatu nimefunga gasketi nyembamba kuliko inavyotakiwa. Kwa mikono yangu hii."

Kule kwenye kreti, Dereva alikuwa amegeuka. Kwa mara ya kwanza tangu gasketi ya tatu iungue alimtazama mdogo wake usoni, na hasira yote aliyokuja nayo haikupata pa kukaa.

"Ulizinunua wapi?" Inspekta alimwuliza Fundi.

"Kwa Mama Nati. Zote. Lakini hakunichagulia, mimi sichaguliwi. Naingia mwenyewe, nachagua ukutani."

"Twendeni," Inspekta alisema, "na hakuna mtu kupiga simu."

Duka la spea la Mama Nati lilikuwa mwisho wa mtaa, hatua mia mbili. Nje, mume wake alikuwa akishona viatu kwenye kibanda chake. Ndani, kila kitu kilikuwa mahali pake: nati zimepangwa kwa ukubwa, feni belti zimening'inia kama nguo zilizoanikwa, na ukuta mzima wa kushoto umejaa gasketi, kila moja kwenye msumari wake, zimenyooka. Mama Nati mwenyewe, mnene na mchangamfu, aliwakaribisha kwa mikono miwili. Alipoambiwa Inspekta anapeleleza, alifurahi zaidi, akafuta kiti kwa kanga.

Inspekta hakukaa. Alitembea polepole mbele ya ukuta, mikono nyuma. Akaomba kigoda, akapanda, akasogeza feni belti zilizoziba kona ya juu, akatazama kwa muda mrefu.

"Fundi, kiwanda kinatoa gasketi za matundu mangapi?"

"Moja, mawili, matatu. Mwisho."

"Basi hii ya matundu manne ni ya gari gani?"

Nje, nyundo ya mshona viatu ilisimama.

"Manne?" Fundi alisema.

"Manne. Na msumari umepita kwenye la nne." Inspekta alishuka. "Mama Nati, nani anatoboa gasketi zako?"

"Mimi!" Mama Nati alijibu kwa fahari. "Kwa koleo la mume wangu la kutobolea ngozi. Moja kwa kila gasketi, hapa kwenye sikio, mahali pasipo na kazi. Umeona linavyotoka duara?"

"Pasipo na kazi!" Fundi alipiga ukelele.

"Kwa nini unatoboa, mama?"

"Nitazitundikaje bila tundu? Zamani nilizilaza chini ya betri, hazikunisumbua. Miezi minne iliyopita mtu mmoja akaja akanifokea mbele ya wateja. Ati gasketi ikilaliwa na mzigo inapinda. Ati duka gani hili. Ati nizitundike kama mtu mwenye akili!"

"Mtu gani huyo?"

Mama Nati aliinua kidole kinene akakielekeza juu ya bega la Inspekta, kwa mtu aliyesimama nyuma yake.

Fundi alijifunika uso kwa mikono miwili. Nyuma ya mikono ilitoka sauti, na Inspekta kwa sekunde mbili alidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemea rafu ya nati, na Mama Nati, asiyejua bado kinachochekesha, akacheka kwa sababu yeye huwa hakosi kicheko kikipita mlangoni kwake. Kisha ikasikika honi. Ilikuwa Dereva, amekaa sakafuni, miguu mbele, anacheka na kupiga goti.

Ilibaki swali moja, na Inspekta hakuwa mtu wa kuacha swali limesimama peke yake.

"Wateja wengine mbona hawajalalamika?"

"Wengine wananitajia unene," Mama Nati alisema akijifuta machozi, "nami nasoma kwenye kasha. Makasha yote yako chini ya kaunta. Ni yeye tu asiyeamini mtu. Anataka kuhesabu mwenyewe."

Kabla ya saa sita mchana Mama Nati alikuwa amefunga duka na kuzungushia rangi nyekundu kila tundu alilotoboa. Ile gasketi ya matundu manne, nene halali, aliwapa huku akiomba msamaha na kuwatania kwa zamu. Tundu lake la ziada halikuwa na madhara, maana sikio hukaa nje ya injini. Fundi aliipima mahali sita. Hakuna aliyemcheka.

Kazi ya kufunga ilianza. Alisafisha uso wa injini kwa kitambaa na petroli mpaka ukang'aa, akapuliza upepo kwenye kila shimo la bolti ili mafuta yasibaki chini na kuidanganya spana. Akailaza gasketi kavu, maandishi juu. Kisha ikaja hedi, chuma kizito kisichobebwa na mtu mmoja. Mafundi wa jirani walijitolea. Dereva aliwasukuma kando akashika upande wake.

Hedi haishushwi kwa mkalimani. Ikishuka kombo inakwaruza gasketi, na gasketi ilikuwa moja tu. Wawili hao walisimama wakitazamana juu ya injini, mishipa ya shingo imewatoka.

"Kushoto kidogo, dada," Fundi alisema.

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwako."

"Haya. Nimeshika. Shusha, mdogo wangu, polepole."

Inspekta aligeuka akajifanya anasoma kalenda ukutani. Alikuwa ameshuhudia watu wakikiri mauaji bila kutikisika, lakini hapo aliisoma tarehe moja mara nne.

Dereva ndiye aliyevuta spana. Fundi alimtajia bolti moja moja, kutoka katikati kwenda nje, awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila ta! gereji nzima ilipiga makofi. Saa tisa na nusu mabomba yalikuwa yamefungwa na rejeta imejaa maji. Saa kumi kasoro dakika tano mnunuzi wa vyuma chakavu alifika na winchi yake, akaomba njia.

"Subiri hapo," Dereva alimwambia, akapanda kwenye kabini.

Injini ilikohoa mara moja ikashika. Fundi aliinama, sikio karibu na hedi, akisikiliza kama kuna kinachogonga. Wote walimtazama yeye na si injini. Alisikiliza mpaka mshale wa joto ukafika mahali pake, akaashiria izimwe, akarudia kukaza bolti zote, akaashiria iwashwe tena. Ndipo alipoinua kichwa.

"Haigongi," alisema. "Dada, haigongi!"

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa mtu muungwana. Alishuka akalizunguka lori, akamshika Fundi mkono, akageuza winchi yake. Vigae vile bado vilikuwa nyuma ya lori, na mteja alikuwa akivisubiri ng'ambo ya mlima. Dereva hakutaka kusikia habari za kesho.

"Panda," alimwambia mdogo wake.

"Nina grisi mwili mzima."

"Na mimi nina vigae. Panda."

Lori lilipokata kona, mama yao alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini kwa miguu, mkoba kwapani. Inspekta alimwamkia, akampa kiti, akamweleza yote tangu ndoo ya maji mpaka koleo la ngozi. Mama alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo ni yupi aliyenidanganya?"

"Hakuna, mama. Wote wamekwambia kweli. Kosa ni la waangalifu wawili, mmoja wa kuhesabu na mmoja wa kutundika."

"Na sasa wako wapi?"

"Mlimani. Na mzigo."

Mama alitoa simu mkobani, akawapigia, akaishika mbali na sikio, sauti imefunguliwa. Ilipokelewa, lakini hakuna aliyesema haloo. Kilichosikika ni injini ikipanda kwa mngurumo mmoja, mzito, usiokatika, na juu yake sauti mbili kwa pamoja.

"Punguza gia, dada, unaitesa!"

"Nani dereva hapa?"

"Na nani ataifungua tena?"

"Wewe! Kwani una kazi gani nyingine? Nipe maji ninywe, na usimwage."

Inspekta alinyoosha mkono aichukue ile simu, awaambie kwamba mama yao yuko hewani. Mama alimzuia. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni na hakuyafuta.

"Waache," alisema. "Wanagombana wenyewe kwa wenyewe, bila mkalimani."